Mwanafunzi wa Majaribio

Simu ya Mama Darasa ilimkuta Daktari jikoni, kikombe cha chai kimepoa mkononi na macho yamemvimba. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila usingizi wa maana, na bila sauti ya mtu mmoja aliyekuwa akimpigia kila siku. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu kasorobo asubuhi. Saa nne kamili alitakiwa kukaa mbele ya kompyuta na kuendesha kipindi cha kumi na mbili, cha mwisho, cha kozi yake ya uzamili.

Tuseme mapema kwamba udaktari wake haukuwa wa sindano. Majirani waliokuja kumwomba dawa ya kikohozi waliondoka mikono mitupu. Alikuwa mhadhiri, na kozi yake ilihusu teknolojia katika ufundishaji, nayo ilifundishwa kwa mtandao mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wake sitini na wanne walikuwa walimu wa shule, kila mmoja kwake na simu yake au kompyuta yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa naye chumba kimoja. Mama Darasa alikuwa mkubwa wao kwa umri, mwalimu wa darasa la kwanza mwenye wajukuu wanne. Cheo cha kiranja alijipa mwenyewe wiki ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kupinga.

"Mwalimu, uniwie radhi kukusumbua asubuhi," akaanza. "Nina neno. Nimelibana wiki mbili. Leo tunaagana, na sipendi kuagana na mtu huku nina kinyongo naye."

"Sema tu, Mama."

"Kazi ya wiki ya kumi niliileta siku moja baada ya muda. Mjukuu wangu alikuwa amelazwa. Nikakueleza sababu, nikaeleza vizuri. Kesho yake saa mbili asubuhi ukanijibu. Mwalimu, lile jibu lilinitoa machozi. Mtu mzima mimi, nikajifungia chooni wasinione watoto wa watu."

Daktari akamuuliza amejibiwa nini, maana kwa kweli hakukumbuka. Mama Darasa akasoma polepole kama anayesomea darasa lake la kwanza.

"'Kazi yako imefika baada ya muda. Aliyechelewa haingii. Sitaisoma. Nakutakia kila la heri. Mwalimu wako.'"

Daktari akaweka kikombe chini. Alieleza kwa haraka kwamba si yeye, ni mashine ya mfumo wa kozi, aliitegesha wiki ya nne alipozidiwa na kazi za kuchelewa na visingizio vyake, na tangu hapo kila asubuhi saa mbili inapita na kuwajibu wote waliochelewa.

"Si wewe uliyetufundisha kwamba mashine haina maneno yake, ina ya aliyeitega?" Mama Darasa akauliza, bila ukali.

Daktari akamwomba radhi, akamwahidi kwamba kazi yake ataisoma leo leo, wakaagana. Akabaki amesimama katikati ya jikoni. Inawajibu wote waliochelewa, alikuwa ametoka kusema kwa mdomo wake. Wote. Kabla hata wazo halijamalizika, alikumbuka kwamba katika kozi ile hawakuwa wanafunzi sitini na wanne. Walikuwa sitini na watano.

Kozi ile Daktari hakuitengeneza peke yake. Chuo kilimpa mtu wa kumsaidia, na mtu huyo chuo kizima kilimwita Fundi, kuanzia mkuu wa idara hadi mfagizi. Alikuwa na mikono mikubwa, sauti ya chini, na tabia ya kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Kwa miezi minane walijifungia katika stoo ya vitabu vilivyochakaa, wakaifanya studio. Fundi alitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Alimfundisha kuitazama kamera kama anamtazama mtu mmoja. Mhadhara wake wa saa nzima aliukata vipande vipande mbele ya macho yake, na alipogomba akamjibu, "Daktari, dakika saba. Hata mimi ninayekutazama kwa hiari yangu, ya nane nasinzia." Alimkumbusha kila siku yule mwalimu wa mbali mwenye simu ya kioo kilichopasuka na mtandao wa kuvizia. Kama yeye hawezi kuifungua, alisema Fundi, basi hatujafundisha, tumejipiga picha.

Sasa, kozi yoyote ya mtandao lazima iwe na mwanafunzi wa uongo. Huyu huingia kabla ya wa kweli, akabonyeza kila kitufe, akawasilisha kazi za ovyo ili kuona kama zinafika. Fundi alimtengeneza wa kwao, akamwandikisha kwa jina la Mwanafunzi wa Majaribio, na ufunguo wake wa kuingilia akabaki nao yeye. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi huyo ilisema: "Hili ni jaribio. Kama unasoma hili, kitufe kinafanya kazi." Ya pili ikasema vivyo hivyo. Ya tatu, Daktari aliifungua mchana mmoja ofisini kwake, sambusa mkononi, ikasema: "Hili ni jaribio. Kama unasoma hili, nakupenda. Kama kitufe hakifanyi kazi, sikusema kitu."

Daktari alimpa alama mia kwa mia. Chini yake akaandika, "Kitufe kinafanya kazi."

Ndivyo walivyopendana, kwa lugha ya kazi za wanafunzi, na mambo yao mazito waliyasemea humo humo. Kozi ilipoanza, chuo kilimwondolea Fundi funguo zote za utengenezaji, kama ulivyo utaratibu, ukabaki ule mmoja wa mwanafunzi wa uongo. Kwa huo aliingia kila kipindi cha Jumamosi, kamera amefunga, kazi yake kusikiliza kama sauti inakatika. Alimwahidi vipindi kumi na viwili.

Wiki ya tisa akaja nyumbani kumwona baba.

Baba yake Daktari alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye lango la shule yake kila asubuhi, saa mkononi, na ikigonga saa moja na nusu alishusha komeo kwa mkono wake. Aliyechelewa haingii. Wanafunzi walimwita Mzee Komeo, naye alijua na hakuchukia. Mke wake alipofariki, alimlea binti huyu mmoja kwa komeo lile lile, akamsomesha mpaka shahada ya juu kuliko zote, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa picha ya mahafali kabla hajakaa.

Siku ile Fundi aliingia sebuleni na shati alilolipiga pasi mara mbili. Akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Mzee."

Mzee hakuitikia. Alikunja gazeti lake, akaliweka juu ya goti, akauliza, "Umesoma mpaka wapi?"

"Nina cheti, Mzee. Cha ufundi wa sauti na kompyuta."

"Cheti," akasema Mzee. Akamgeukia binti yake, akamtazama, akangoja.

Ilikuwa zamu ya Daktari kusema. Alikuwa na maneno, alikuwa ameyapanga wiki nzima. Lakini aliyaona macho ya baba yake, macho ya mtu aliyeuza hata baiskeli yake ili yeye asome, naye akainama kutazama sinia la vikombe. Alilitazama mpaka Fundi aliposimama, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka. Langoni Daktari alimfuata, akamwomba ampe muda aseme na baba yake kwanza, asimpigie mpaka yeye ampigie. Fundi akakubali. Na tangu siku ile Daktari kila jioni alifungua mdomo mbele ya baba yake, akauliza kama chumvi imetosha.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma yake alipokimbilia chumba cha vitabu na kufungua kompyuta. Katika orodha ya kusahihisha mwanafunzi wa uongo hakuwamo, kwa kuwa wanafunzi wa kweli wakishaingia mfumo humficha ili asiharibu hesabu ya alama. Ndiyo maana wiki mbili nzima hakumwona. Lakini mashine ya kuwajibu waliochelewa haikuambiwa habari za kuficha mtu. Alifungua orodha ya majibu yote yaliyotumwa wiki ya kumi. Majina kumi na matatu. La mwisho lilikuwa Mwanafunzi wa Majaribio, kawasilisha Jumatatu jioni, siku moja baada ya muda. Kajibiwa Jumanne, saa mbili asubuhi, saa ambayo Fundi alijua fika kwamba Daktari hukaa kusahihisha.

Akaifungua.

"Daktari, hili si jaribio. Nimepata kazi chuo cha nje, ng'ambo ya mpaka, miaka mitatu. Wanataka jibu. Ukiniambia nibaki, nabaki, na kwa Mzee nitarudi hata mara kumi, na cheti changu mkononi. Uliniambia nisikupigie, sikupigii. Sihitaji barua ndefu, neno moja linatosha. Ukinyamaza nitajua bado unajipanga, nitangoja. Kunyamaza kwako nimeshakuzoea na nakuweza. Kama huwezi, niambie tu kwa maneno yetu, nitaelewa. Nisipoondoka mwezi huu nafasi inakwenda kwa mwingine, lakini hilo lisikusumbue. Jibu unalotaka, si unaloona linafaa."

Na chini yake, kwa jina lake yeye: Kazi yako imefika baada ya muda. Aliyechelewa haingii. Sitaisoma. Nakutakia kila la heri.

Daktari aliisoma mara moja tu. Hakulia, kilio kilimkaa kifuani kikagoma kutoka, akawa anapumua kwa mdomo kama mtu aliyepanda mlima. Hata la kujidanganya lilikosekana. Fundi alimshauri asitegeshe jibu la mashine, aliwahi kumwambia kwamba mwanafunzi anajua kama amesomwa au hakusomwa, na ndiyo maana alilitegesha kimyakimya bila kumwambia. Yeye, mwalimu wa walimu, aliyewaonya watu sitini na wanne wasiiachie mashine kazi ya moyo, alikuwa amemfukuza mpenzi wake kwa kifaa chake mwenyewe, na kwa maneno ya baba yake.

Akapiga simu. Namba haipatikani. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na moja, na kila mara yule dada wa mtambo wa simu alimwambia yale yale kwa sauti ile ile ya upole, mpaka akamchukia kana kwamba ni mtu.

Saa nne ikafika simu ikiwa bado mkononi.

Baba yake aliingia na gazeti, akaketi kwenye kiti chake cha kona, nyuma ya binti yake, pale ambapo kamera haimfikii. Hakukosa kipindi hata kimoja. Hakuelewa nusu ya yaliyosemwa, ila alipenda kumsikia binti yake akiitwa Mwalimu na watu wazima.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana, Baba."

Akafungua kipindi. Majina yakaanza kuingia upande wa kulia wa kioo, moja baada ya jingine, pamoja na salamu zao, kelele za kuku wa mtu, mtoto wa mwingine akilia. Leo watano walikuwa wawasilishe masomo waliyoyatunga. Daktari akawakaribisha, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kavu kama ya tangazo la stendi. Mama Darasa alikuwa wa kwanza. Alianza kueleza jinsi anavyowafundisha watoto themanini kuhesabu kwa simu moja, na hapo, saa nne na dakika tisa, jina likajiongeza chini kabisa ya orodha.

Mwanafunzi wa Majaribio ameingia.

Kamera imefungwa. Kipaza sauti kimefungwa. Kama kila Jumamosi.

Daktari akasogeza uso kwenye kioo. Yupo. Hakuondoka, yupo, anasikiliza kama sauti inakatika. Kulikuwa na njia ya kumwandikia pembeni, ujumbe wa siri, wengine wasione. Alianza kuandika. Akaandika neno moja, akalifuta. Aliona kwamba hicho ndicho alichokifanya sebuleni, kunyamaza mbele ya watu na kusema langoni. Mtu huyu alidharauliwa kwa sauti, mbele ya baba yake. Akiinuliwa kwa siri, atakuwa hakuinuliwa.

"Mama Darasa, niwie radhi," akasema. "Wote mniwie radhi. Nina neno kwa mwanafunzi mmoja, na nataka niliseme mbele yenu."

Hata kuku alinyamaza.

"Fundi, najua unanisikia. Usitoke." Alitazama kamera kama alivyofundishwa, kama anamtazama mtu mmoja. "Lile jibu nililiandika mimi, lakini si kwako. Niliitegesha mashine wiki ya nne, sikukwambia, kwa sababu ungenikataza na ungekuwa na haki. Barua yako nimeisoma leo, saa tatu. Uliomba neno moja. Baki."

Sauti ikamkatika. Akaishika meza.

"Na Baba yupo hapa nyuma yangu. Nataka asikie. Siku ile alikuuliza umesoma mpaka wapi, ilikuwa zamu yangu kujibu, nikatazama sinia. Jibu lenyewe ni hili, Baba. Kila ninachofundisha humu, ni yeye aliyenifundisha kukifundisha. Bila yeye ningekuwa nasomea ukuta. Nampenda. Siku ile pia nilimpenda, nikakuogopa wewe, nikanyamaza. Nimechoka kunyamaza."

Hakuthubutu kugeuka. Alilikodolea macho lile jina. Sekunde zikapita. Mwishowe alama ya kipaza sauti pembeni ya jina ikabadilika rangi, ikafunguka. Zikasikika kelele za cherehani, zikakoma.

"Daktari," ikasema sauti ya mwanamke. "Si yeye. Ni mimi, dada yake."

Watu sitini na wanne walisikia Daktari akivuta pumzi.

"Simu ameniachia mimi," yule dada akaendelea. Alikuwa mshonaji, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea kusemea kwenye chombo, alizungumza kwa nguvu. "Laini yake ameivunja mbele ya macho yangu. Akanionyesha pa kubonyeza, akasema Jumamosi saa nne niingie hapa, nisikilize kama sauti inakatika, ikikatika niandike. Nikamwambia achana naye huyo mwanamke. Akasema alikuahidi kumi na viwili na hiki ndicho cha kumi na viwili. Mimi nilikuja humu na hasira zangu, Daktari. Sikujua kama ni mashine."

"Yuko wapi?"

"Stendi. Basi la mpakani, linaondoka saa tano. Na simu hana."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane. Stendi ilikuwa upande wa pili wa mji, na kwa gari, foleni ikiwa na huruma, ni nusu saa na ushee. Daktari akasimama, kiti kikaanguka. Akamwambia Mama Darasa anamkabidhi kipindi, wanne waliobaki wawasilishe, kila kitu kinarekodiwa, ataangalia baadaye.

"Nenda, Mwalimu," akasema Mama Darasa. "Watoto hawa nawamudu."

Akageuka. Kiti cha kona kilikuwa kitupu. Gazeti lilikuwa sakafuni.

Akakimbilia ukumbini, kwenye msumari unaotundikwa ufunguo wa gari. Ufunguo haukuwepo. Wakati huo huo akasikia nje lile gari kuukuu la baba yake likikohoa, likawaka, likaondoka. Alifika barazani akaona vumbi tu.

Hapo ndipo kilio kilipotoka. Aliona yote wazi: baba yake amesikia kila neno, ametoka kimya, na amechukua gari ili yeye asifike. Ameshusha komeo. Aliita, "Baba," mara moja, kwa sauti ambayo hajaitumia tangu utotoni, na hakuna aliyeitika. Alikimbia kuvuka uwanja. Lango lilikuwa wazi lote, mbawa zote mbili zimeachwa zikiyumba, jambo ambalo baba yake hakuwahi kulifanya maisha yake yote, lakini Daktari hakuwa na macho ya kuona malango.

Alikimbia na ndala mpaka barabara kubwa. Teksi ya kwanza ilikuwa na abiria, ya pili ikampita. Ya tatu ilisimama, ikiendeshwa na mzee mwenye kofia aliyemuuliza kwa utaratibu kama anafuata mgonjwa. Daktari alisema ndiyo, kwa kuwa hakuona tofauti. Walikwenda vizuri hadi kwenye mzunguko wa katikati ya mji, na hapo wakakwama. Lori lilikuwa limeharibika, magari yamebanana pande zote. Saa nne na dakika hamsini. Saa nne na hamsini na sita. Mzee wa teksi alizima injini kuokoa mafuta. Daktari aliweka paji la uso kwenye dirisha na kujisemea kimoyomoyo, akiomba basi lipate pancha, dereva aumwe tumbo, mtu apoteze tiketi, lolote. Hajawahi kuwaombea watu mabaya mengi hivyo kwa mpigo.

Walipofika stendi ilikuwa saa tano na dakika kumi na mbili.

Alipita katikati ya mizigo na wachuuzi akiuliza basi la mpakani, watu wakimwonyesha kwa vidole, mbele, mbele zaidi. Alifika mahali penyewe. Palikuwa na doa la mafuta chini, bado bichi, na mfagizi aliyekuwa akikusanya maganda ya machungwa. Daktari hakumuuliza kitu. Alisimama pale akilitazama doa lile, na watu walimpita pembeni kama wanavyokipita kitu kilichowekwa njiani.

Kisha akamwona baba yake.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, ameegemea mbele, mikono juu ya magoti. Mzee Komeo, mtu ambaye hakuwahi kutoka nje ya lango bila tai, alikuwa amevaa fulana ya nyumbani na makubazi ya kuogea. Shavuni alikuwa na alama ya vumbi. Daktari alimwendea na hasira yote aliyokuja nayo, akafungua mdomo, lakini mzee aliinua macho, akamtangulia kusema.

"Nimechelewa, mwanangu," akasema.

Daktari hakuelewa, kisha akaelewa, akashika nguzo.

"Nilipita njia ya nyuma, ya sokoni," mzee akaendelea, polepole, kama anayetoa maelezo kwa mkubwa wake. "Nikaona kukusubiri tutachelewa. Nilifika lipo, linarudi nyuma. Mlango umefungwa. Nikagonga kwa kiganja, nikagonga sana. Dereva akanitazama, akanionyesha saa yake."

Mfagizi akapita mbele yao na fagio lake.

"Ulimwona?" Daktari akauliza.

"Alikuwa dirishani, upande huu huu. Aliniona. Sidhani kama alijua nimefuata nini. Nadhani aliona nimekuja kuhakikisha kwamba anaondoka." Mzee alipangusa uso kwa kiganja, vumbi likazidi kusambaa. "Pamoja na hayo akainama kidogo, vile vile kama siku ile. Kioo kilikuwa kimefungwa, sikumsikia. Lakini nimefundisha watoto kusoma miaka yote hiyo, midomo naijua. Amenipa shikamoo."

Daktari akaketi kando yake. Benchi lilikuwa la baridi.

"Nimeitikia," akasema baba yake. "Nimesema marahaba, nimeisema kwa sauti, watu wote wakageuka. Basi lilikuwa limeshakata kona."